Meli ya kitalii hupimwa kwa saa sita, si kwa mwaka

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo ambalo kila likiandikwa huishia kwenye hesabu moja: mwaka huu wameshuka abiria wangapi. Kisiwa kidogo kinachoishi kwa wapiga mbizi kinapofikiria kukaribisha meli kubwa za kitalii, takwimu hiyo ndiyo inayowekwa mezani, nayo ndiyo inayopotosha. Abiria laki moja kwa mwaka ni kama 270 kwa siku, na kisiwa chenye boti chache kingeweza kuwamudu. Lakini hawaji hivyo. Wanakuja 3,000 Jumanne, 4,000 Alhamisi, na Jumatano haji mtu. Tena hao 3,000 hawakai kutwa. Meli ikifunga kamba saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, ukitoa muda wa kushuka na muda wa kurudi kabla ngazi haijainuliwa, zinabaki saa sita hivi. Mzigo wote unaangukia humo.

Ukubwa wenyewe si mdogo. Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600, mbali na mabaharia na wahudumu. Kisiwa cha Saba huko Karibi, kinachojulikana kwa kupiga mbizi, kina wakazi wapatao 2,000. Meli nyingi ni ndogo kuliko hiyo, ila hata ya abiria 3,000 inaushinda mji wa kisiwa kwa wingi wa watu kabla ya saa nne asubuhi.

Madhara huanza kabla abiria wa kwanza hajashuka, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo pasipoandikwa sana. Meli ya kawaida ya aina hii huzama mita 8 hadi 9. Kwenye gati lenye kina cha mita 11, kati ya tumbo la meli na mchanga inabaki nafasi ya mita 2 au 3 tu. Ili ijisogeze kwa ubavu bila boti za kuvuta, nahodha huwasha rafadha za omoni (mbele) na kuzigeuza za tezini (nyuma). Maji yanasukumwa kwa nguvu kubwa, yanagonga sakafu ya bahari na kuichimba. Mchanga mzito hutua baada ya dakika chache. Linalosumbua ni vumbi laini la chokaa na udongo, ambalo huweza kuelea kwa saa kadhaa likifuata mkondo, na mkondo wa pwani mara nyingi hupita juu ya miamba ileile ambayo wageni wamelipa kuiona. Jioni meli inapong'oka, kazi hiyo hurudiwa.

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Tope likizuia mwanga, chakula kinapungua. Tope likimtulia mwilini, humlazimu atoe ute wa kujisafisha, na ute huo unamla nguvu ambayo angeitumia kukua au kuzaa. Matumbawe ya matawi hujikung'uta kwa urahisi kiasi. Yale mapana yenye umbo la sahani hubeba tope kama sinia lisilo na wa kulimimina. Yale ya duara yanayofanana na ubongo hukua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo jabali la mita moja lililokufa kwa misimu miwili ya meli halitarudi katika maisha ya yeyote anayesoma barua hii.

Yapo ya kufanya. Meli iingie maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua, maana hapo tofauti ya kujaa na kupwa ndiyo kubwa kuliko zote. Ivutwe na boti za kuvuta, rafadha zitumike kwa nguvu ndogo tu ya kurekebisha. Rubani wa bandari awe na agizo la maandishi la kukataa kuingiza meli upepo wa ubavuni ukizidi kiwango kilichokubaliwa, kwa sababu siku ya upepo mkali ndiyo siku ambayo nahodha hutumia nguvu zote za mashine. Haya yote ni gharama kwa mwenye meli, hivyo yasipokuwa ndani ya mkataba hayafanyiki.

Pasipo gati, meli husimama nje na abiria huletwa kwa boti zake zenyewe, zinazobeba watu 100 hadi 150 kwa safari. Wengi hudhani hii ni nafuu kwa kisiwa. Inategemea meli imesimamaje. Nanga ya meli kubwa ina uzito wa tani kadhaa, lakini kinachoharibu zaidi ni mnyororo: upepo ukigeuka, meli inazunguka, na mnyororo uliolala chini unafagia duara zima. Meli nyingi mpya zinaweza kusimama mahali pamoja kwa mashine bila kutia nanga. Hilo huwa bora iwapo zimesimama penye kina kirefu, mbali na ukingo wa mwamba. Huko Bonaire, kisiwa kingine cha Karibi, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1979 inaanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, na humo kutia nanga kumekatazwa. Boti hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Kisiwa kisicho na maboya hakina namna ya kusimamia katazo kama hilo, kwa sababu mwendesha boti hana pengine pa kujifunga.

Wala tusijidanganye kwamba meli ndogo haina hatari. Machi 2017, Caledonian Sky, yenye urefu wa mita 90 na abiria wapatao mia moja, ilipanda juu ya mwamba huko Raja Ampat, Indonesia. Ilipovutwa kutoka pale, eneo lililoharibiwa lilikadiriwa kuzidi mita za mraba 13,000. Meli ikipanda mwamba maji yakiwa yanakupwa, kishawishi ni kuivuta haraka ili ratiba isivunjike, na kila mita inayovutwa ni mita ya matumbawe yaliyosagwa. Amri ya kusubiri maji yajae, ikiwa meli haiko hatarini kuzama na watu wako salama, inatakiwa iwepo kwenye karatasi mapema. Usiku wa ajali hakuna anayeiandika.

Sasa tufike saa tatu asubuhi, abiria wameshashuka. Tufanye hesabu ya kawaida kabisa. Katika abiria 3,000, tuseme mmoja kati ya kumi anataka kuona matumbawe. Hao ni 300. Mwongozaji mmoja kwa watu wanane wanaoelea na snokeli (bomba la kupumulia) ndicho kiwango tunachokiona kuwa salama, kwa hiyo wanahitajika waongozaji 38. Kisiwa tulivu hakina 38. Kina kumi, labda kumi na wawili. Kinachotokea ni kwamba kila mwongozaji hupewa watu 25 au 30, maelezo ya dakika kumi yanakuwa ya dakika mbili, na boti sita zinagombea boya moja kwa sababu ndilo lililo karibu na gati. Mwamba huo wa karibu ndio unaokufa kwanza, na ukishakufa wageni huhamishiwa unaofuata.

Mtu anayeelea na snokeli kwa mara ya kwanza huharibu kwa njia moja kuu: anasimama. Anasimama kwa sababu maji yameingia kwenye miwani, au kwa sababu koti la kuelea limejazwa hewa kupita kiasi na linamwinua kifua hadi miguu inaning'inia chini. Miwani huvuja kwa nywele zilizobanwa chini ya mpira, kwa ndevu, au kwa mkanda uliokazwa mno hadi mpira ukakunjika. Watu wengi hukaza mkanda zaidi wanapoona uvujaji, na kufanya hivyo huuzidisha. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo zifanyike kwenye mchanga, maji yakiwa ya kiunoni: kuvaa miwani, kuitoa maji, kupuliza snokeli, kujaza koti nusu tu, kupiga mapezi ya miguuni polepole kutoka nyonga na si kutoka magotini. Asiyeweza hapo asipelekwe mwambani. Na juu ya matumbawe kuwe na maji yasiyopungua mita 2. Maji yakipwa chini ya hapo safari iahirishwe, hata kama tiketi zimeshauzwa ndani ya meli. Kila mwongozaji awe na boya la duara ambalo mtu aliyechoka anaweza kulishika, maana asiye na cha kushika atashika tumbawe.

Kwa wanaotaka kuzamia na mtungi, viwango vipo tayari. PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, kwa mbizi ya majaribio kwenye maji ya wazi, huruhusu wageni wasiozidi wanne kwa mwalimu mmoja na kina kisichozidi mita 12. Shida haiko kwenye kanuni, iko kwenye saa. Fomu ya afya inatakiwa isomwe, na wengi wa abiria hawa ni watu wazima wenye dawa za presha na za moyo. Daktari wa meli hayupo gatini. Mwalimu anaambiwa basi linaondoka saa saba na nusu. Hapo ndipo fomu husainiwa bila kusomwa. Jambo jingine linalosahaulika: abiria anayezamia kwenye kituo cha mwisho huenda kesho yake akapanda ndege. Ushauri unaofuatwa ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Ratiba ya meli inajulikana miezi kabla, kwa hiyo kampuni ya mbizi haina udhuru wa kutouliza.

Kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilipiga marufuku yenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia Januari 2020, na Hawaii ikakataza uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Ushahidi wa maabara ni mzito kuliko ule wa baharini, na watafiti wanaendelea kubishana. Hatuoni sababu ya kusubiri mwisho wa ubishi huo: fulana ya mikono mirefu ya kuogelea hukinga mgongo vizuri zaidi na haiyeyuki majini.

Maji machafu ni habari ndefu ambayo tutaifupisha. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unaruhusu maji ya vyoo yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu kumwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyotibiwa zaidi ya maili 12, meli ikiwa kwenye mwendo. Lakini maji ya mabafu, masinki, jikoni na dobi hayamo katika vifungu hivyo. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Kwa meli ya maelfu ya watu hayo ndiyo maji mengi zaidi, yana sabuni na mafuta, na kinachoyazuia karibu na mwamba ni sheria ya nchi husika au kipengele cha mkataba wa bandari. Taka ngumu nazo: meli inaweza kuomba kuziacha bandarini. Kisiwa ambacho dampo lake limejaa kiseme mapema kinapokea nini, kiasi gani na kwa bei gani.

Halafu kuna ugonjwa. Mwaka 2014, karibu na Miami, ulionekana ugonjwa unaomenya nyama ya matumbawe magumu na kuua baadhi ya aina kwa wiki chache. Umeenea Karibi na kuathiri aina zaidi ya 20. Huko Bonaire uligunduliwa mwaka 2023. Maji ya kusawazisha meli, yale inayoyabeba tumboni ili itulie, yanatajwa miongoni mwa njia zinazoshukiwa kuusafirisha, ingawa mikondo ya bahari nayo imo, na hata vifaa vya wapiga mbizi visivyosafishwa. Mkataba wa kimataifa wa maji hayo umekuwa ukitumika tangu Septemba 2017. Kinachohitajika bandarini ni mtu wa kukagua daftari la meli: maji yamechukuliwa wapi, yamemwagwa wapi, mtambo wa kuyasafisha ulikuwa ukifanya kazi siku hiyo au la. Nasi wapiga mbizi tusijitoe kwenye lawama. Koti la mbizi na viatu vyenye maji ya kisiwa cha jana vikiingia kwenye maji ya kisiwa cha leo bila kuoshwa kwa dawa na kukaushwa, tumefanya tunachoilaumu meli. Pia mgeni wetu amekuja kwa ndege, na mapezi yake hugonga matumbawe kama ya mwingine yeyote. Watafiti waliochunguza Bonaire mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kuwa sehemu moja ya kuzamia inaweza kuhimili mbizi 4,000 hadi 6,000 kwa mwaka kabla madhara hayajaanza kuonekana wazi. Kikomo hicho kilihusu wapiga mbizi wa kawaida, kabla hujaongeza mtu mmoja kutoka melini.

Upande wa fedha hatutabisha kwamba meli haileti kitu. Huleta ada ya bandari, huleta kazi za teksi na za waongozaji. Ila angalia njia ya shilingi. Abiria amekwisha lipia chakula na malazi melini. Safari ya matumbawe anainunua melini pia, na kampuni ya meli hukata sehemu yake kabla ya kumlipa mwenye boti. Mpiga mbizi anayekaa wiki nzima hulipia chumba, mitungi, gari na chakula cha jioni siku saba. Wawili hao hawawezi kuhesabiwa kila mmoja kama "mtalii mmoja". Mbaya zaidi, wa pili hukimbia wa kwanza. Amekuja kwa sababu ya utulivu, na akikuta boti sita kwenye boya moja, mwaka ujao ataenda kwingine bila kumwandikia mtu barua.

Ushuru kwa kila abiria ni jambo la busara mradi ufanyike mapema na fedha zifungwe kwenye kazi maalumu. Bonaire ilianza kuwatoza wapiga mbizi dola 10 mwaka 1992, na fedha hizo zikaendesha hifadhi. Alaska wapiga kura walipitisha ushuru wa dola 46 kwa abiria mwaka 2006, na kufikia 2010 bunge lilikuwa limeushusha hadi dola 34.50 baada ya kampuni za meli kulalamika. Ushuru unaowekwa gati likiwa limekwisha jengwa kwa mkopo hauna nguvu, kwa sababu mwenye deni hawezi kutishia kukataa meli.

Ukomo wa idadi nao unataka mamlaka inayoweza kuusimamia. Wapiga kura wa Key West, Florida, waliamua Novemba 2020 kwamba wasishuke zaidi ya watu 1,500 kwa siku. Mwaka uliofuata jimbo likaifuta kura yao. Juneau, mji mkuu wa Alaska, ilikubaliana na kampuni zenyewe meli kubwa zisizidi tano kwa siku kuanzia 2024. Galapagos meli ya watalii haizidishi abiria 100. Visiwa vya Cayman wananchi waliulizwa Aprili 2025 kuhusu kujenga gati la meli za kitalii, wakakataa. Kwa kisiwa kidogo sisi tungependekeza idadi itokane na waongozaji na maboya yaliyopo, si na vitanda vya meli. Waongozaji kumi mara watu wanane ni watu 80 majini kwa wakati mmoja. Kwa zamu tatu ni 240 kwa siku. Hapo tiketi zifungwe. Na miamba miwili au mitatu iliyo bora iachwe kabisa siku za meli, kwa tangazo linalowafikia wauzaji wa safari angalau miezi mitatu kabla.

Lililobaki ni kupima, na lifanyike kabla ya meli ya kwanza, maana baada ya hapo hakuna wa kukubali kwamba maji yalikuwa safi zaidi. Kisahani cheupe cha sentimita 30 kishushwe kwa kamba yenye alama za mita, saa sita mchana upande wenye kivuli, hadi kipotee machoni. Andika kina. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5, lililozibwa chini na lenye urefu usiopungua mara tatu ya kipenyo, lifungwe kwenye nondo mdomo ukiwa nusu mita juu ya sakafu, likusanye tope kwa wiki mbili hadi nne. Lichuje, likaushe, lipime. Miamba isiyosumbuliwa kwa kawaida hupokea chini ya miligramu 10 kwa sentimita ya mraba kwa siku. Bomba hilo hudanganya penye mawimbi, kwa kuwa hunasa tena tope lilelile linaloinuka na kushuka, kwa hiyo weka jingine mahali pasipofikiwa na meli na ulinganishe mawili hayo badala ya kuamini namba moja. Kisahani kishushwe siku tatu kabla ya kila meli na siku tatu baada yake, na daftari likae kwa mtu ambaye halipwi na bandari wala na kampuni ya mbizi.

Wasomaji wako,
Wapiga mbizi na waongozaji wa mbizi